Anga lilikuwa shwari, ndege ikalala ubavu ikikaribia kutua. Kulikoni?

*"Habari mtaalamu. Mwezi uliopita nilikwenda Uingereza kumtembelea dada yangu. Kutoka Dar nilipitia Amsterdam, nikabadilisha na kupanda ndege ndogo zaidi, ile ya viti vitatu vitatu kila upande, kwenda Heathrow. Jioni ilikuwa nzuri, hakuna wingu, hakuna upepo. Matairi yalishashushwa na paa za nyumba nilikuwa naziona, ghafla bawa la kushoto likazama, ndege ikalala ubavu, watu wakapiga kelele. Sijamaliza kusema Bismillahi ikarudi sawa, injini zikanguruma tukapaa tena. Rubani akatangaza kuwa tumekutana na hewa ya ndege kubwa iliyokuwa mbele yetu, tutazunguka tutue upya. Tulitua salama, ila tangu siku hiyo sina amani. Kwa nini wanaziacha zifuatane karibu hivyo? Ingekuwaje tusingepaa? Mpwa wangu amenionyesha video ya ndege iliyoanguka New York mwaka 2001, anasema ni kitu hicho hicho. Na mimi huvuka kwenda Unguja kwa vile vindege vya injini moja, na mwanangu wa mwaka mmoja na nusu nimempakata. Kama ndege ya watu 180 ililala vile, hicho kitapona? Halafu shingo inaniuma tangu siku ile."*

Dada, pole sana. Nianze na shingo. Maumivu yaliyokaa mwezi mzima si ya kusubiria majibu ya mtandaoni, kwa hiyo nenda hospitali wiki hii. Usichelewe hata kidogo kama yanashuka mkononi, kama vidole vinakufa ganzi au mkono umepungua nguvu, au kama uligonga kichwa na sasa kinauma. Mweleze daktari kwamba ulirushwa upande ukiwa umefungwa mkanda, maana maelezo hayo yatamsaidia kujua aangalie wapi. Kazi yangu mimi ilikuwa rada na mnara wa kuongozea ndege, mifupa nawaachia wenyewe.

Sasa turudi angani. Nikisoma swali lako naona kilichokutia hofu zaidi ni kukosa sababu ya kunyooshea kidole. Mvua ingekuwapo ungesema ni mvua. Jioni nzuri, anga jeupe, kisha ndege inalala! Ajabu ni kwamba utulivu ule wa jioni ulikuwa sehemu ya chanzo, na nitakueleza kwa nini.

Bawa linaibeba ndege kwa sababu hewa iliyo chini yake ina mgandamizo mkubwa kuliko iliyo juu. Hewa ya chini inasaka upenyo wa kupanda, na upenyo inaupata kwenye ncha ya bawa. Hapo inaizunguka ncha na kukimbilia juu. Kwa kuwa ndege haijasimama, mzunguko ule unaachwa nyuma kama mistari miwili mirefu ya hewa inayojisokota, mmoja nyuma ya kila bawa. Ukisimama nyuma ya ndege ukaitazama, kisulisuli cha kushoto kinazunguka kwa kufuata mshale wa saa, cha kulia kinazunguka kinyume chake. Katikati yao hewa inashuka, nje yao inapanda. Ndege inayokuja nyuma, bawa lake moja likiingia kwenye hewa inayopanda na la pili kwenye inayoshuka, italala ubavu hata rubani asipogusa kitu.

Wengi hudhani ni upepo wa injini. Injini zina upepo wake kweli, na ni hatari kwa aliyesimama nyuma yake pale uwanjani, lakini visulisuli hivi vinazalishwa na bawa kwa kule kubeba uzito. Hata ndege isiyo na injini kabisa inavitengeneza. Vinaanza pua inapoinuka wakati wa kuruka na vinakoma magurudumu yanapogusa lami na kuubeba mzigo. Na lile "shimo la hewa" ambalo watu hulitaja kila ndege inapotikisika, halipo. Hewa ipo kila mahali, ila kuna inayopanda, inayoshuka na inayozunguka.

Ukali wake unategemea mambo matatu: uzito wa ndege, mwendo wake na upana wa mabawa. Ndege nzito inayokwenda polepole ndiyo hatari zaidi, na kwa bahati mbaya wakati wa kutua ndipo ndege nzito inapokwenda polepole. A380, ndege kubwa kuliko zote za abiria, inaweza kutua ikiwa na tani zaidi ya 380. Ndege ya viti vitatu vitatu kama uliyopanda hutua na tani 60 na kitu hivi. Jirani na kiini cha kisulisuli imewahi kupimwa kasi ya hewa inayozidi mita 90 kwa sekunde. Kiini chenyewe lakini ni chembamba, na ndege inayokigusa kwa kawaida hutupwa nje yake ndani ya sekunde chache. Ndiyo maana hukuweza hata kumaliza Bismillahi.

Basi kama kila ndege inaacha visulisuli, kwa nini ndege zinazofuatana hazilali ubavu kila siku? Kwa sababu visulisuli vinazama. Mara tu vikizaliwa huanza kushuka, futi 300 hadi 500 kwa dakika, kisha vinapunguza mwendo na kubaki futi 500 hadi 1,000 chini ya njia ya ndege iliyoviacha, vikiendelea kufifia. Ndege zinazotua huteremka kwenye mstari mmoja wenye mwinamo wa nyuzi 3 hivi. Ya nyuma ikipita pale ilipopita ya mbele dakika mbili baadaye, visulisuli vilishazama chini yake au vilishasambaratika.

Mpango huo unavurugika kwa njia kadhaa, na hapa ndipo hali ya hewa inapoingia. Hewa iliyochafuka huvirarua visulisuli mapema, na upepo wa wastani huvipeperusha kando. Hewa iliyotulia huviacha vikae muda mrefu vikiwa vizima. Upepo hafifu unaotoka nyuma ya ndege ni mbaya zaidi. Unavisukuma mbele kuelekea uwanjani, mahali ambapo mstari wa kuteremkia nao uko chini zaidi, kwa hiyo kisulisuli kilichokuwa kimeshazama kinajikuta tena karibu na njia ya ndege inayofuata. Upepo wa mbele hufanya kinyume chake.

Halafu kuna ardhi. Vikikaribia chini visulisuli havina pa kuzama. Vinaanza kutambaa kando, kimoja kushoto kimoja kulia, polepole kama mtu anavyotembea, na wakati mwingine vinadunda na kuinuka kidogo. Upepo mdogo wa ubavuni ukivuma kwa kasi ile ile ya kutambaa, kisulisuli kimoja kinaganda juu ya mahali ndege zinapotua. Umesema paa ulikuwa unaziona na matairi yalishashushwa. Huko chini, jioni isiyo na upepo, ndiko mikutano ya namna hii hutokea mara nyingi. Jirani na Heathrow wakazi wanaifahamu habari hii kwa njia yao, kwa sababu visulisuli vya ndege zinazotua hung'oa vigae vya paa, na uwanja una mpango maalumu wa kukarabati paa zilizoguswa. Fundi paa wa kule ana kazi ambayo wa kwetu hajaiota.

Kuhusu kufuatana karibu. Kwa macho ya abiria ndege iliyo mbele inaonekana karibu, lakini umbali wake umewekwa kwa kipimo. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limezigawa ndege kwa uzito wa juu wa kurukia: nyepesi haizidi kilo 7,000, ya kati iko chini ya tani 136, nzito ni kuanzia tani 136, na A380 imewekwa peke yake juu ya zote. Kwa vipimo vya msingi, ndege ya kati ikiifuata nzito inakaa nyuma maili 5 za baharini, yaani kilomita 9 na kidogo. Ikiifuata A380 ni maili 7, karibu kilomita 13. Nyepesi nyuma ya nzito ni maili 6, na nyuma ya A380 ni maili 8. Kwa mwendo wa kutua, maili 5 ni dakika mbili na sekunde kadhaa.

Heathrow ina njia mbili tu za kurukia, na kwa kawaida moja hutumika kutua na nyingine kuruka. Kikomo chake ni safari 480,000 kwa mwaka, wastani wa zaidi ya 1,300 kwa siku. Pale kila maili inayoongezwa kati ya ndege mbili ni foleni inayorefuka huko juu, na mwongoza ndege analijua hilo. Mbano upo, sitakuficha. Ila wameushughulikia kwa kupima vizuri zaidi. Tangu Machi 2015 Heathrow hutenganisha ndege zinazotua kwa muda badala ya umbali pekee. Upepo wa mbele ukiwa mkali ndege hutambaa juu ya ardhi, maili zile zile zinachukua muda mrefu, na upepo wenyewe unavisambaratisha visulisuli, kwa hiyo ndege husogezwa karibu kidogo bila kupunguza dakika. Jioni isiyo na upepo kama yako, nafuu hiyo haipo na umbali wote unabaki. Marekani nako, kuanzia Memphis mwaka 2012, walianza kutumia makundi sita yanayozingatia zaidi ya uzito peke yake.

Vipimo hivi havikushuka kutoka mbinguni. Mwezi Mei 1972, huko Fort Worth, Texas, ndege aina ya DC-9 iliyokuwa kwenye mafunzo ilikuja kutua nyuma ya DC-10, ikabiringishwa karibu na lami, na watu wote wanne waliokuwamo wakafa. Desemba 1992 huko Billings, Montana, na Desemba 1993 huko Santa Ana, California, jeti mbili ndogo zilianguka zikitua nyuma ya Boeing 757, zote mbili zikiwa chini ya njia ya ile iliyotangulia. Boeing 757 kwa uzito haikufika kundi la nzito, lakini visulisuli vyake vilikuwa vikali kuliko kundi lake lilivyodhaniwa, na baada ya hapo Wamarekani wakaiongezea nafasi. Novemba 2008, Mexico City, jeti ndogo iliyombeba Waziri wa Mambo ya Ndani, Juan Camilo Mouriño, ilichelewa kupunguza mwendo ilipoambiwa, ikaisogelea mno Boeing 767 iliyokuwa mbele, ikaangukia mjini.

Ukiziangalia ajali hizo utaona kitu kimoja: ndogo nyuma ya kubwa kuliko yenyewe, karibu mno au chini ya njia ya mwenzake. Mawimbi ya boti ya mwendokasi ya Unguja meli ya mafuta haiyahisi, mwenye ngalawa anayahisi. Ndege yako ilikuwa katikati ya hao wawili. Ina mabawa ya mita 35 hivi, sehemu yake inabaki nje ya kisulisuli, na vile vibao vya ukingoni mwa bawa vina nguvu ya kutosha kuirudisha. Ndivyo ilivyorudi.

Je, mngeanguka msingepaa? Ndege ilisharudi sawa kabla injini hazijanguruma, kwa maelezo yako mwenyewe, kwa hiyo kilichowaokoa na ule mlalo kilikuwa mikono ya rubani na mabawa. Kupaa kulikuwa kwa ajili ya kisulisuli cha pili, au cha kwanza kikirudi. Karibu na ardhi hakuna nafasi ya kusahihisha mara mbili mbili, na ndege iliyotoka kwenye mstari wake hairudishwi kwa kulazimisha. Rubani aliyepaa amefanya lililofundishwa, tena kwa wakati. Angeshikilia kutua ili asichelewe, hapo mimi ningekuwa na barua ya kuandika. Na kuhusu kiasi mlicholala, mtu akiwa kitini, akitazama bawa likielekea kwenye paa za nyumba, nyuzi 15 anaziona 45. Wala simaanishi umetia chumvi. Sikio la ndani linadanganyika hivyo hata kwa marubani, ndiyo maana wao wana vyombo vya kuwaonyesha upeo.

Video ya mpwa wako naifahamu. Novemba 12, 2001, ndege aina ya A300 iliruka kutoka uwanja wa John F. Kennedy nyuma ya Boeing 747, ikapita kwenye visulisuli vyake, na muda mfupi baadaye ikaanguka. Walikufa watu 265, watano wao wakiwa chini. Wachunguzi wa Marekani walikuta kwamba kisulisuli hakikuivunja ndege. Rubani msaidizi alikijibu kwa kukanyaga usukani wa mkia kwa nguvu, kushoto na kulia, kupita kiasi kilichohitajika, mpaka mkia ukang'oka. Baada ya hapo mafunzo yalibadilishwa, na marubani wa leo wanafundishwa kuirudisha ndege kwa vibao vya mabawa na kuiacha miguu itulie. Mpwa wako yuko sahihi kwamba kisulisuli kilikuwapo, basi.

Kindege chako cha Unguja sasa. Kama ni Cessna Caravan, uzito wake haufiki tani 4 na mabawa yake ni mita 16 hivi, kwa hiyo nyuma ya ndege kubwa kama Dreamliner ni ngalawa kweli. Hatari yake kwa kisulisuli ni kubwa kuliko ya ndege ya watu 180, nisikudanganye. Lakini marubani wake wanalijua hilo kuliko mimi na wewe, na wana silaha ambayo ndege kubwa haina: hawahitaji njia ndefu ya kurukia na kutua. Njia ya Zanzibar na ile kuu ya Dar zina kilomita 3 hivi, na Caravan inatosheka na sehemu ndogo ya hizo. Ikitua baada ya ndege kubwa, rubani hukaa juu ya mstari aliopita mwenzake angani na kugusa lami mbele ya pale kubwa ilipogusa, kwa sababu zaidi ya hapo visulisuli havikuzalishwa. Ikiruka, huinuka kabla ya kufika pale kubwa ilipoinukia. Siku ukiona imetua mbali kuliko ulivyozoea, au imesimama ukingoni dakika mbili tatu wakati abiria wanalalamika joto, mwache rubani afanye kazi yake. Anayestahili kuogopwa ni yule anayekubali kuharakishwa.

Mtoto ndiye ningemfikiria zaidi. Sheria huruhusu walio chini ya miaka miwili kupakatwa, lakini ndege ikirushwa mikono ya mama haimshiki mtoto wa kilo 11, hata awe mama gani. Kwenye ndege kubwa, ukimudu, mnunulie kiti chake na umfunge kwenye kiti cha mtoto kinachokubaliwa na shirika. Uliza kabla ya kulipa, si kila kiti cha gari kinakubalika. Kwenye kindege omba mkanda wa nyongeza wa mtoto unaoungwa na wako. Usimfunge ndani ya mkanda wako mwenyewe, kwani uzito wako wote utamkandamiza. Na mkanda wako usifunguliwe hata mkiwa juu kabisa. Januari 2017, juu ya Bahari ya Arabia, jeti ndogo ya biashara ilipishana na A380 iliyokuwa futi 1,000 juu yake, ikabingirika mara kadhaa na kupoteza futi kama 9,000 kabla marubani hawajaidhibiti na kwenda kutua Muscat na majeruhi. Huko hakukuwa na uwanja wala foleni.

Watu huniuliza wachague kiti gani. Karibu na mabawa ndege hutikisika kidogo kuliko mkiani, lakini kwa mlalo wa ubavu tofauti ni ndogo. Kiti cha njiani kitakupunguzia kuliona bawa linavyozama, na kwa mtu mwenye hofu hiyo ni nafuu ya kweli. Kupanga safari ukikwepa saa za utulivu nako hakuna maana. Utakwepa visulisuli vichache ukapate mitikisiko ya mchana bure.

Kuhusu amani iliyokutoka: wiki chache za kushtuka na kuota ndoto mbaya baada ya tukio kama lile ni kawaida. Ikizidi mwezi na bado hulali, au umeanza kukataa safari ulizokuwa unazifanya bila shida, onana ana kwa ana na mtaalamu wa saikolojia. Hofu ya kuruka ina tiba inayofanya kazi, na huchukua muda mfupi kuliko watu wanavyodhani. Usijinunulie vidonge vya usingizi dukani ukavimeza kabla ya safari, hasa ukiwa na mtoto wa kumwangalia. Mwulize daktari yule yule atakayekuangalia shingo.

Tena liandikie shirika lililokubeba toka Amsterdam. Taja tarehe, namba ya safari na kiti ulichokaa, sema umeumia shingo, na ambatanisha cheti cha hospitali ukishakipata. Uliza kama marubani waliwasilisha taarifa ya tukio na ndege gani ilikuwa mbele yenu. Usingoje sana kuandika, kwa sababu madai ya majeraha ya abiria kwenye safari za kimataifa yana ukomo wa muda, kwa kawaida miaka miwili.